Bia ya Deo na jino la shemeji

Bia ya Deo imechukuliwa. Ile nyeusi ya majira ya baridi, aliyoipika kwa ulezi na ndizi mbivu. Kwenye kiwanda kidogo cha bia anakofanyia kazi wameionja, wakasema ndiyo watakayouza mpaka theluji iyeyuke. Mwanangu huyo, na mimi niliishia darasa la saba. Haya, hamjambo. Leo Jumatatu, mji wetu huu wa Columbia Heights umeganda wote, na mkono wangu wa kulia umevimba.

Umevimba kwa sababu jana nilimpiga shemeji yangu na mwiko.

Deo alileta kreti nyumbani tuionje sisi kwanza kabla ya Wazungu. Nikachoma mbuzi. Shemeji Aloyce akaja kutoka Blaine. Ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, na huku Marekani ndiye baba wa Deo. Mwanangu akafungua chupa, akamimina glasi, akampa kwa mikono miwili. Kwa akili yake, hiyo ni heshima.

Kwetu Kibosho anayetoa pombe hunywa kwanza. Anapiga funda mbele yako uone haina kitu, ndipo anakupa. Ukimpa mtu pombe ambayo hukuionja mbele yake, umemwambia nataka ufe. Deo alikuja huku mdogo, hayo hayajui.

Shemeji akaitazama glasi. "Umeionja?"

"Ya kwanza ni yako, baba mkubwa."

"Nakuuliza, umeionja?"

Deo akacheka tu.

Glasi ikapita karibu na sikio lake ikapasuka ukutani. Shemeji akamkaba shingo, anamwita muuaji, anasema baba yako nimemzika kwa mikono hii, sasa unanitafuta na mimi. Deo alijaribu kumbandua vidole. Halafu akaacha kujaribu. Ngumi ikampata shemeji mdomoni, nikaisikia, kama mtu anavunja mfupa wa kuku. Meza ikalala, sahani zikaenda, wakaanguka juu ya vioo, damu na bia vikachanganyika kwenye kapeti langu. Shemeji yuko juu, mikono imerudi shingoni, na macho ya mwanangu yanageuka. Nikamvuta shati, likachanika. Ndipo nikachukua mwiko. Nilimpiga mgongoni, begani, kichwani, mpaka mwiko ukakatika, naye akaachia.

Sijivunii.

Najivunia kidogo.

Jirani wa chini akaita polisi. Deo ana grinikadi, bado hajawa raia. Kesi ya kumtoa mtu damu inaweza kumrudisha nchi asiyoijua hata stendi ya basi. Polisi wawili mlangoni, mmoja anamuuliza shemeji nani kamfanya hivi. Shemeji kashika jino lake kiganjani. Akamtazama Deo, na yale macho yalikuwa ya chuki, Mungu shahidi.

"Nimeteleza kwenye barafu," akasema kwa Kiingereza chake cha nesingi homu, anakotunza wazee. "Hapo paking. Shemeji yangu ananihudumia."

Polisi akautazama ukuta unavyochuruzika, akanitazama mimi. Nikamwambia ndiyo, barafu ya mwaka huu mbaya sana.

Walipoondoka, shemeji akavaa koti akatoka bila kuaga.

Baada ya kuokota vioo nilifungua chupa, nikakaa chini kwenye kapeti lililoloa. Inaanza na utamu wa ndizi iliyoiva mpaka ikapasuka ganda, inakuja moshi wa ulezi uliokaangwa, halafu uchungu unakaa kooni hautaki kutoka. Mama yangu alipika pombe maisha yake yote na hakufika hapa. Nasema hivyo na yeye anisamehe.

Leo asubuhi shemeji kapiga simu. Siku ya kuizindua bia atakuja, ila kijana apige funda kwanza mbele ya watu, na aombe radhi. Deo kajibu kwa Kiingereza kwamba funda atapiga, radhi hana, shingo yake bado ina alama za vidole. Kila mmoja anataka niseme yeye ndiye mwenye haki. Nitasemaje? Aliyemkaba mwanangu ndiye huyo huyo aliyemwokoa, tena kwa mdomo ambao mwanangu alikuwa ameupasua.

Nimewapa wote wawili jibu moja, na nyinyi lichukueni hilo hilo: uzinduzi ni kiwandani, saa tisa mchana, Jumamosi.