Tulikungoja Mikokoni

Kaka,

Miwani ya mama imefika, ahsante. Huku tu wazima. Paa la jikoni nimeliziba, na paka wako kazeeka ila wizi hajaacha.

Jumapili moja mwezi uliopita nilimpeleka mama kwa boti kwenye ile hifadhi ya mikoko. Tuliona kima, tukaona ndege mweupe kasimama kwa mguu mmoja kama mlinzi anayesinzia. Tulishuka, tukatembea kwenye daraja la mbao juu ya matope, tukarudi botini. Nahodha alipowasha mashine, mama akamshika mkono.

“Ngoja, baba. Mwanangu bado yuko ndani.”

Nahodha akauliza jina, mama akataja lako. Akazima mashine, akapiga filimbi, akakuita. Abiria nao wakakuita. Mama mmoja mnene alikuita kwa hasira, utadhani kakuzaa yeye. Ningeweza kusema uko ng'ambo mwaka wa tisa huu. Ila nilitaka kulisikia jina lako likiitwa.

Nilipokuja kumnong'oneza nahodha ukweli, maji yalikuwa yameshakupwa na boti imekaa kwenye tope. Ikabidi tungoje yajae. Watu walininunia. Mama tu ndiye aliyetulia, mkoba wake kauweka pembeni ili mtu asikae kwenye nafasi yako.

Kwenye simu huwa nakwambia hajambo, na kweli anakula vizuri. Siku ile, ili akubali tuondoke, nilimwambia utakuja na boti ya nyuma yetu. Sasa kila Jumapili anavaa viatu mapema.

Ni mimi,
dada yako