Kambale wa Ruwenzori

Siku ya kwanza, 9 mwezi wa sita
Sala, chai, kisha jaribio. Kama kila asubui hapa bureau, ofisi ya kanisa, Bulengera. Ukurasa wetu wa bakimbizi unakaa kwa mashini moja ya mbali, ya kukodi. Majina yenyewe inakaa kwa ingine. Kazi yangu: kuandika jina moja, kuangalia kama inarudi. Ikirudi, njia katikati yazo ni nzima. Kisha nafuta. Kakule, fundi wetu wa Beni, anataka nijaribu visanduku vyote: mzima, majeruhi, amekufa. Leo zamu ya amekufa. Niliandika Kambale, Ruwenzori. Mudogo wangu, anakaa kule. Kila nyumba ya sisi Banande iko na Kambale, mutoto mwanaume wa pili. Jina inakuja kwa vidole yenyewe. Alama ilizunguka, ikazunguka, halafu nyekundu. Njia imekatika. Hapana kitu ya kufuta.

Siku ya tatu, 11
Baasi bameingia Ruwenzori. Mapanga. Bamefunga batu kamba, bamekata shingo, bamechoma manyumba na batu ndani. Kavira, bibi ya Kambale, amefika kwangu na batoto babili, damu ya jirani kwa kitambaa chake. Kambale alirudi nyuma kubeba mama ya jirani, kilema. Simu yake imezimwa. Nachukia bale batu. Mungu anisamehe, leo nataka bafe.

Siku ya ine, 12
Njia imerudi asubui. Mchana batu bamejaa kwa dirisha kusoma listi. Baba mumoja aliona binti yake, akapiga kichwa kwa ukuta mpaka damu. Kavira akasoma: Kambale, Ruwenzori, amekufa. Akaanguka. Mimi nilicheka. Kweli, nilicheka.
"Inuka, shemeki. Ni jaribio yangu ya siku ya kwanza, imechelewa njiani."
Nikafuta mbele ya macho yake.
"Yaya, dada mukubwa, utaniua na mashini yako."
Jioni akapika bugali na sombe, majani ya muhogo. Sahani ya Kambale kando, imefunikwa.

Siku ya tano, 13
Kakule amepiga simu. "Mama Masika, nani alifuta Kambale?"
Nikamweleza.
"Mama, ile yako haikufika hata kidogo. Hii niliandika mimi, jana saa tatu, kwa mulango wa morgue, nyumba ya maiti. Saa iko kando ya jina."
Sikuangalia saa. Lakini nani anaangalia saa?
Kakule akanieleza: balimukata mugongo, kisha shingo. Yule mama alikuwa angali kwa mugongo wake. Panga moja ilipita bote babili. Nilipiga meza na ngumi mpaka mukono ukavimba. Kavira iko anaimba kwa kiwanja, anafua shati ya Kambale. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia.

Posho, siku ya sita, 14
Nilimwambia Kavira baada ya sala. Alinipiga makofi mawili, moja kwa mudomo. Halafu akalala kwa magoti yangu.
Bureau ilikuwa tupu. Niliandika na mukono wa kushoto, polepole. Kambale, Ruwenzori, amekufa.
Ilirudi mara moja. Sikufuta.