Usubi wa Mbegani

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Zinga tu wazima, na mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike.

Umeuliza dawa ya kuumwa na mbu huko chuoni. Osha kwa sabuni, kanda kwa kitambaa cha maji baridi, usijikune. Ukipata homa, nenda hospitali.

Nilipokuwa na umri wako, mimi na dada yangu Mwanahawa tuliumwa na usubi, vile vijidudu vya ufukweni, tulipokwenda Mbegani kuokota kombe. Mama akawa anamkanda Mwanahawa tu, kamlaza mapajani. Wivu ukanikaba.

"Na mimi je, mama?"

"Wewe hujikuni. Mwenzako nisipomshika mikono atajitoa vidonda."

Nikatoka nje nimenuna. Hata mama alipokwenda jikoni, Mwanahawa akanifuata uani.

"Bora wewe, mama anakuamini," akasema. "Mimi nashikwa kama mtoto mchanga."

Kumbe naye alikuwa akinionea wivu! Nikachukua kitambaa, nikamkanda mikono. Kisha yeye akanikanda miguu, maana nami nilikuwa nawashwa sana, ila hakuna aliyeniuliza.

Akupendaye,
Bibi Mwanaisha