Mama Zuhura Alivyosimama

Jumapili, 5 Julai

Bado nalifikiria jambo la asubuhi.

Pale mgahawani kwa Mama Zuhura, mtaa wa Xiaobei, runinga ilikuwa inaonyesha besiboli ya Marekani; kwao ilikuwa bado tarehe nne, siku ya uhuru wao. Mchezo wenyewe hatuuelewi. Kabla haujaanza ukapigwa wimbo wao wa taifa, na Mama Zuhura akaacha chapati kwenye moto, akasimama wima, mikono ubavuni, kama tulivyofundishwa shuleni Tanzania.

Wateja wakacheka. “Mama, huo si wetu! Chapati inaungua!”

“Iungue. Wimbo wa taifa unasikilizwa kwa kusimama, hata uwe wa nani.”

Mimi nilibaki nimekaa na kikombe changu. Si kwamba niliamua. Mwili haukushtuka kabisa. Nina miaka sita hapa Guangzhou, na sijui tabia ile ilinitoka lini. Nikajaribu kuimba wetu kimoyomoyo. Ubeti wa pili nikakwama.

Jioni nikampigia mdogo wangu aliyeko Tanga, anikumbushe maneno.

“Dada, wewe? Si ndiwe uliyekuwa kiranja, unaandika majina yetu tukijikuna tu bendera ikipanda?”

Sikumwambia kwa nini nauliza. Nilimwomba aimbe polepole, nikachukua kalamu.