Sakafu ya Gereji Niliyoinyima Maji

Mume wangu, Baba Shabani,

Sijawahi kukuandikia barua. Ulikuwa unalala ubavuni kwangu, ningekuandikia ya nini? Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la nne, kwa hiyo usinicheke huko uliko. Kuna neno nimelikalia tangu ukiwa hai, na wiki hii limenitoka mbele ya watu.

Ni ile sakafu ya gereji hapa Tangini. Shabani ameamua kuipaka rangi ngumu, ile inayozuia oili isizame kwenye zege. Nikamwambia huwezi kupaka rangi juu ya nyufa, ni sawa na kumvalisha kanzu mtu hajaoga. Akaleta fundi, binti anaitwa Neema, wazazi wake walihamia huku kutoka Moshi. Kavaa suruali na buti. Nikamtazama juu mpaka chini, naye akanitazama vilevile.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Fundi ni wewe au anakuja nyuma?"

"Ndiyo mimi, bibi. Kama unataka mwingine sema mapema, nisishushe vifaa."

Nikampenda hapo hapo, ila sikumwambia.

Akauona ule ufa mkubwa unaotoka mlangoni mpaka kwenye shimo la kukagulia magari. Akasema, "Aliyemwaga hii alikuwa kanjanja. Saruji kapeleka kwake." Na Shabani wetu, mtoto uliyemlea kwa mgongo wako, akacheka. "Ni marehemu mzee. Walikuwa wanamwita Fundi Mchanga."

Nikanyamaza. Miaka yote nimenyamaza, nimeshakuwa bingwa.

Unaikumbuka ile wiki? Mlimwaga zege Jumamosi, wewe na Kondo kibarua wako. Jumapili ukaitwa Marui kumalizia sakafu ya msikiti. Ukaniachia pipa la maji, magunia ya kufunikia, na agizo. "Mama Shabani, asubuhi na jioni, siku saba. Usiliache zege likaukie juani."

Nikasema sawa. Kesho yake wakaja watu kutoka Mzenga, mwali wa dada yangu anatolewa nje, na kungwi wake ni mimi. Sasa mwali angechezwa na nani? Mzenga nzima hakukuwa na kungwi wa kunishinda, na sifa nilikuwa nazipenda, siongopi. Nikafunga mlango nikaenda. Nilikaa siku tano. Nilicheza, nilitunzwa khanga, na huku jua linaipiga sakafu yako, magunia yamekauka kama biskuti. Niliporudi nikamwaga pipa zima kwa mara moja, siku ile ile uliyokuwa unarudi wewe.

Ukaingia, ukachuchumaa, ukaipapasa kwa kiganja. Uliipapasa muda mrefu.

"Umemwagilia?"

"Nimemwagilia. Kwani nina kazi gani nyingine?"

Hukuuliza tena. Hapo ndipo unaponiudhi mpaka leo. Kiganja chako kilikwambia ukweli, wewe ukaamini mdomo wangu. Nyufa zilipoanza ukasema labda ulizidisha mchanga. Kondo akalisikia, akalipeleka kijiweni, lile jina likazaliwa. Sakafu ya msikiti wa Marui haina hata mstari mmoja, lakini nani alikwenda kuitazama? Kazi zikakukimbia. Ukabaki kupiga lipu vyoo vya watu na kulima mihogo Mzenga. Ukipita barabarani vijana wanakuita kwa jina hilo, nawe unawaitikia. Jioni nakupakulia ugali, nakuona ulivyo kimya, na mimi nameza tonge langu.

Basi Neema akaanza kazi. Akasugua oili kwa sabuni ya unga na brashi ya waya. Kisha akashika patasi na nyundo aupanue ufa, maana ufa ukiwa mwembamba saruji mpya haipati pa kushika. Juu palimomonyoka kama unga wa muhogo. Chini kidogo patasi ikaanza kuruka. Akapiga, ikaruka. Akaacha nyundo, akaokota kipande, akakikwangua kwa kucha.

"Kaka Shabani, mzee nimemkosea. Huku chini ni jiwe, saruji imo ya kutosha. Hili zege lilikosa maji, juu likawahi kukauka. Nani alikuwa anamwagilia?"

Shabani akainua mabega. Hakuna aliyenitazama. Ningeweza kunyamaza tena. Lakini yule binti, ambaye hakukujua hata sura, amekutaka radhi wewe, na mimi mkeo nimekaa juu ya ndoo kama sihusiki.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikwenda Mzenga kwenye mwali. Nikamdanganya."

Shabani akaweka spana chini. "Mama. Ukamwacha mzee aitwe jina lile mpaka tunamzika?"

Leo siku ya sita, shikamoo yake naipata, halafu anaondoka. Wajukuu zako nao wananitazama kama mgeni. Siwalaumu.

Ufa umejazwa. Neema aliulowanisha, akaupaka uji wa saruji, akashindilia mchanganyiko mzito, akausawazisha kwa mwiko. Maji namwaga mimi, asubuhi na jioni, magunia hayajakauka hata mara moja. Usidhani nakwambia ili unisifu. Hiki ni kiraka tu, sakafu yako ndiyo iliyokuwa na haki ya maji hayo. Kikishakomaa atabandika nailoni chini aone kama unyevu bado unapanda, ndipo rangi.

Ila nilimwambia aache sehemu moja karibu na shimo, asiijaze, zege lako lionekane. Kondo anakuja kesho baada ya alasiri. Nitamwambia mwenyewe, mbele ya Shabani na vijana wote wa gereji, kwamba mkono wako haukuwa na kosa. Akibisha, nitampa patasi apige yeye.

Wewe ungekuwepo ungeshanikatiza, ungesema yameisha, Mama Shabani, yaache. Usiseme. Safari hii ningoje mpaka nimalize.

Mkeo uliyemwamini,
Mama Shabani