Mwezi Wako wa Machi, Mama Eveline

Marehemu Matilda Kalinga
1968 – 17 Mei 2024

Mama Eveline, leo mwaka unatimia tangu ulipofumba macho ukatuacha. Watoto walitaka tangazo fupi: picha yako, tarehe mbili na mstari wa Biblia. Nikawaambia hapana, nitaandika mimi, na nitaandika nipendavyo maana hakuna wa kunikatiza. Ungekuwepo ungeshanikatiza mara mbili hapa nilipofika.

Baridi imeanza kushuka Mafinga. Sweta lako la kijani analivaa mjukuu wako Happy, linamfika magotini, na akiambiwa alivue analia. Nimesema aachwe nalo.

Wengi wanakufahamu kama mchoraji. Mimi nilikufahamu kabla hujashika brashi. Nilikuoa kutoka Madibira mwaka 1988, binti wa watu wa mpunga, ukaja huku kwenye miti ya paini ukawa unalia baridi mwezi mzima. Mimi nilikuwa fundi seremala, na seremala nipo hadi leo. Siku moja nikaingia karakana nikakuta kabati la mteja limechorwa maua mlangoni. Nilifoka hadi majirani wakachungulia. Mteja akaja, akalizunguka lile kabati, akauliza, "Fundi, hili la maua ndilo langu?" Nikasema ndiyo, huku nikitafuta maneno ya kuomba radhi. Akasema, "Na kitanda nacho mtakitia maua?" Tangu siku hiyo nilifunga mdomo, na kila kopo la rangi iliyobaki likawa lako.

Baadaye uliacha maua ukaanza picha. Miaka thelathini na sita umeishi katikati ya paini na magari ya mbao, na hukuchora mti hata mmoja kwa hiari yako. Kila siku mpunga wa Madibira. Mpunga mchanga, mpunga uliokomaa, maji kwenye majaruba, mama zako wameinama. Nilikuwa nakutania kwamba picha zako zingelika tusingenunua mchele. Ulinijibu kwamba paini unaziona kila ukifungua dirisha, za nini kuzichora.

Halafu ukaingia kwenye chama cha wasanii. Kwa wasiojua, chama hiki hukutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi katika ukumbi wa usharika. Wanakuja wachoraji, wachongaji na wafinyanzi wa hapa, na wachache kutoka Iringa na Mbeya. Zinasomwa taarifa, inanywewa chai, kisha mmoja wao anakaa mbele. Kukaa mbele ni kufanya kazi yako machoni pa wenzako kwa saa mbili, mikono ikitenda na mdomo ukieleza, na yeyote ana ruhusa ya kukusimamisha na kukuuliza kwa nini umefanya hivyo. Huwezi kuleta picha iliyokwisha ukaisimulia tu. Miezi ni kumi na miwili na wanachama wanapita arobaini, kwa hiyo wenye mwezi ni wachache na wanaosubiri ni wengi. Wewe ulikuwa na Machi. Miaka kumi na moja Machi ilikuwa yako.

Nilikuwa nakubebea vitu: ubao, makopo, kigoda, chupa ya tina ya kuzimulia rangi. Nikishaviweka naenda kukaa nyuma karibu na mlango, kama mtu aliyesindikiza mgonjwa. Ulikaa mbele kwa raha utadhani uko jikoni kwako. Wenzako wakikosea walikuwa wanageuza ubao wafute kwa haraka. Wewe ulikuwa unausogeza karibu na watu. "Hapa nimeharibu," unasema. "Angalieni vizuri nilivyoharibu, halafu muone nitakavyojinasua." Mwenyekiti wenu, Mzee Alinanuswe, alikuambia siku moja kwamba wageni wapo, si vizuri kuonyesha makosa. Ukamjibu bila hata kugeuka, "Mficha uchi hazai, mwenyekiti." Ndani ya ukumbi wa usharika! Mzee wa watu alipaliwa na chai mpaka akakohoa. Rafiki yako Mwanakhamisi, yule wa Iringa anayechora kwa hina na piko, alicheka hadi akatoka nje.

Na lile langu la mwaka 2017 nalikiri hapa mbele ya wote. Rangi ya mafuta haikauki kwa saa mbili, kwa hiyo ulikuwa unaandaa mbao tatu za picha ileile: moja imeanza tu, moja imefika katikati, moja imekaribia kwisha. Ukikaa mbele unafanya kidogo kwenye ya kwanza, unaiweka kando, unachukua ya pili, hivyo hivyo hadi ya mwisho. Mimi sikujua. Niliingia karakana siku ya kuamkia onyesho nikaona ubao una madoa mekundu na kijani kilichoparurwa paruru. Nikasema huyu mama amekata tamaa na hii. Nikakusaidia. Nikaupiga msasa wote, nikapaka praima nyeupe, ile rangi ya kutangulia, ukang'aa. Nilijisikia mume mwema.

Kesho yake uko mbele, umemaliza ubao wa kwanza, unapapasa wa pili. Ukainua macho hadi kule nyuma mlangoni.

"Baba Eveline, ule ubao wa katikati uko wapi?"

Nikasema, "Si huo hapo? Nimekusafishia."

Watu arobaini waligeuka kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke. Wewe ukashika ule mweupe ukauinua juu, ukasema, "Ndugu wanachama, hii ndiyo hatua ya katikati kwa aliyeolewa na seremala." Walicheka hadi wakapiga meza. Kisha ukakaa chini ukachora ile hatua ya katikati upya, mkono mbio, ukaeleza huku unacheka mwenyewe, na Mzee Alinanuswe anasema hadi leo kwamba hajawahi kujifunza mengi kama siku ile. Njiani nilikuomba radhi. Ukaniambia nibebe makopo ninyamaze, lakini ulinishika mkono.

Kitu ambacho wanachama hawakukiona ni yaliyokuwa yanatangulia nyumbani. Mbao zako nilikuwa naziandaa mimi. Ulikuwa unafumba macho, unapitisha mgongo wa vidole juu ya ubao, taratibu, kuanzia pembe hadi pembe. "Huu bado unakwaruza." Naurudisha kwenye msasa. "Bado." Naurudisha tena. Kuna ubao uliwahi kuurudisha mara nne, na mimi nimejikaza kisabuni, nasema ndani ya moyo kwamba huu sasa ni uonevu. Ukiridhika husemi neno. Unanyoosha mikono miwili, nakukabidhi, unaondoka nao.

Uliugua wiki tatu tu. Sitaandika habari za wiki zile.

Nafika sasa kwenye jambo nililotaka kukuambia. Chama kina utaratibu wake mwanachama akifariki: mwezi wake unasubiri mara moja. Nyumba yake ikileta mtu wa kukaa mbele, mwezi unabaki kwenye nyumba ile. Isipoleta, anapewa aliye juu kwenye orodha ya wanaosubiri, na jina la marehemu linatoka ukutani. Ni haki. Hata wewe ulipata Machi kwa njia hiyo.

Mwezi wa pili mwaka huu Mzee Alinanuswe akanipigia simu kwa upole wote wa Kinyakyusa. "Baba Eveline, Machi imekaribia. Nyumbani mnaye mtu?" Nikasema nitazungumza na watoto. Eveline, kutoka kwake Mbeya, akasema tupeleke picha zako tuzipange, yeye asimulie maisha yako. Nikamkumbusha kwamba kusimulia si kukaa mbele, lazima mikono ifanye kazi. Anord akasema yeye mikono yake inajua usukani wa lori tu. Mwishowe nikasema basi, mwezi uende, hakuna aliyerithi mkono wako. Nilisema hivyo na nikanuna siku mbili, na sikuwa na wa kumnunia.

Siku ya tatu nilikwenda ukumbini kurekebisha bawaba ya mlango. Orodha iko palepale ukutani. Januari jina, Februari jina. Machi wameandika, kwa kalamu ya risasi: "Matilda K." na mbele yake alama ya kuuliza.

Mama Eveline, nilikasirika. Mtu amekaa mbele miaka kumi na moja, hajakosa hata mwaka ule wa mguu kuvunjika, leo anawekewa alama ya kuuliza! Nikampigia mwenyekiti papo hapo.

"Futeni hii alama."

"Atakaa nani, baba?"

"Futeni kwanza."

"Sasa tukifuta bila mtu..."

"Nitakaa mimi."

"Baba Eveline, wewe unachora?"

"Sichori," nikasema, na nikakata simu kabla hajaniuliza zaidi, kwa sababu nami nilikuwa sijui.

Jumamosi ya tarehe moja Machi watoto wote walikuja. Anord ndiye aliyenibebea vitu. Nikakaa kwenye kigoda chako, nikainua kichwa, nikaona macho ya watu wote wale. Sijui ulikuwa unawezaje. Nikishika gundi nasahau kusema, nikisema mkono unasimama. Nilikaa hivyo hadi watu wakaanza kutazama viatu vyao. Ndipo binti mmoja mgeni, jina lake Nusrat, akanionea huruma akauliza, "Baba, hapo unafanya nini?"

Nikasema, "Naandaa ubao wa Mama Eveline."

Baada ya hapo maneno yakaja. Nikawaonyesha jinsi ya kuchagua plaiwudi, ya kugongagonga usikie kama ina utupu ndani. Nikawaonyesha kuua kingo, yaani kuziondolea ukali, kwa msasa ili rangi isibanduke pembeni. Nikapaka gundi iliyozimuliwa na maji, mbele na nyuma. Nusrat akauliza kwa nini na nyuma wakati hakuna atakayepaona. Nikamwambia ubao ukinyweshwa upande mmoja unapinda, na kwamba nilijifunza hilo baada ya wewe kunirudishia mbao sita zilizopinda kama ungo. Nilikuwa nimekuja na mbao tatu za hatua tatu, maana gundi haikauki upesi. Praima ya kwanza nikaipitisha kwa urefu, ya pili kwa upana, na katikati msasa laini. Nikawaeleza ulivyokuwa unafumba macho na kupima kwa mgongo wa vidole. Walikuwa hawajui. Miaka kumi na moja walikuona unachora na hawakujua kwamba kazi ilikuwa inaanzia pale.

Nilipomaliza wa tatu nikaufuta kwa kitambaa chenye unyevu. Ulikuwa mzuri, nasema bila kujisifu. Mzee mmoja wa nyuma akauliza, "Na sasa picha, fundi?"

Nikasema, "Picha siijui. Mimi nikifika hapa namkabidhi."

Na mikono yangu ikaunyoosha ule ubao mbele. Sikuiamuru mimi. Ilinyooka yenyewe kwa mazoea, miwili pamoja, na mbele yangu hapakuwa na mtu. Ndipo nililia, Mama Eveline. Kwenye mazishi yako watu walinisifu nilivyokuwa imara. Pale kwenye kigoda, mbele ya chama kizima na watoto wangu, nililia kwa sauti na ubao bado nimeunyoosha.

Mwanakhamisi akainuka. Akaja hadi mbele, akatoa mikono yake miwili. "Nipe mimi, shemeji," akasema. Akaupokea. Akakaa chini na ubao mapajani, na yeye machozi yanamtoka, akafungua mfuko wake wa kalamu. Saa mbili zangu zilikuwa zimekwisha kitambo lakini hakuna aliyeondoka. Akachora huku Nusrat akimuuliza maswali na yeye akijibu. Sikuitazama picha sana. Nilikuwa natazama mikono inavyoteleza juu ya ubao bila kukwama.

Walipokuwa wanafunga mkutano, Mzee Alinanuswe akachukua kalamu ya wino akaenda ukutani kwenye orodha ya mwakani. Akaniuliza Machi aandike jina gani, langu la Saulo au lako la Matilda. Nikamwambia aandike Matilda, mimi nitaleta ubao na chama kitaleta wa kuuchora. Kila mwaka hivyo, hadi nitakaposhindwa kushika msasa. Akaandika. Kwa wino.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Ubao wa mwakani nimeshaukata.

Unakumbukwa na mimi mumeo, Saulo Kalinga, wanao Eveline na Anord, mkweo Andendekisye, wajukuu zako wakiongozwa na Happy, dada zako na ndugu wote wa Madibira, rafiki yako Mwanakhamisi, wanachama wenzako, pamoja na majirani wa Mafinga.

Pumzika kwa amani, mke wangu. Hatuna siku ya kukusahau.