Kifaru Changu Kimezama na Dada Bado Anakingoja

Mpendwa Mama Mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako, ila tuelewane mapema, mimi si kama wale wanaokuandikia wakilia kwamba wameachwa, mimi sijaachwa na mtu, mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, darasa la saba nimemaliza (la sita nilirudia, lakini hiyo ni kwa sababu mwalimu alikuwa bado ananipenda), na katika vijiji vyote vya ziwani upande huu wa Misungwi ni mimi peke yangu mwenye pikipiki ya matairi manne. Soma tena hapo, Mama. Manne. Watoto wanaiita Kifaru na mimi sikuwakataza.

Nilikipata mwaka jana kwenye mnada, mradi mmoja wa chanjo za ng'ombe ulipofunga ofisi na wazungu wake wakarudi kwao. Ili nikipate, palepale mnadani nilimuuzia mzee mmoja wa kijijini kwetu, baba wa mshindani wangu Venant, maksai wangu watatu wa kulimia, niliowafundisha jembe mimi mwenyewe tangu wakiwa ndama. Wazee wakasema nimerogwa. Huyo baba yake Venant alipokuwa anawafunga kamba akaniambia, "Kijana, hicho chuma kikifa hutakula nyama yake." Nikamjibu, "Sawa mzee, na wewe siku ukiwa na haraka, hao watakusindikiza taratibu mpaka uzeeke mara ya pili." Watu walicheka mpaka dalali akasahau bei.

Na usidhani nilinunua kishamba, nilikagua. Nilipiga matairi teke yote manne, nikakaa juu, nikawasha taa mchana kweupe. Nyuma, kwenye kile kichanja cha chuma cha kubebea mizigo, kulikuwa na karatasi ya kunata yenye picha ya watu wawili na mstari mwekundu umewakata, nikaibandua maana ilikuwa inaharibu rangi. Dereva wa mradi, kaka Nathaniel, akanishika bega akasema kimeshafanya kazi sana kwa hiyo nibadilishe oili kila mwezi, nisafishe sponji ya hewa, maji yasipite pale pa kukanyagia, na siku kikizama nisithubutu kukiwasha kabla fundi hajakifungua. Nikasema sawa kaka. Kusema kweli nilikuwa namwangalia binti mmoja mwenye mwamvuli wa kijani.

Oili nilibadilisha, mara moja. Grisi ni ghali, na sisi huku mafuta ya sangara tunayo tele, basi nikawa nayapaka kwenye magurudumu na yanalainisha vizuri tu, shida yake ni mbwa. Nikiegesha mahali wanakuja kulamba, nikiondoka wananifuata, siku moja nimeingia sokoni na mbwa saba nyuma yangu kama bwana harusi na wapambe wake. Lakini kazi kilifanya, Mama! Mvua hizi za El Nino zilipoikata barabara yetu, magari ya samaki yakawa hayashuki tena mwaloni mitumbwi inaposhushia samaki, yanasimama kule kwenye lami, na aliyekuwa anawapandisha hao sangara kutoka ziwani mpaka lami ni nani? Mwulize yeyote.

Sasa sikiliza. Dada yangu Selina, ambaye ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, ni mjamzito, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa, na muuguzi wa zahanati yetu, Sista Getruda, amesema huyu wa pili asizaliwe kijijini hata kwa bahati mbaya, dada asingoje uchungu, atangulie Mwanza karibu na hospitali. Shemeji Pius ni mwalimu, mtu mpole, hata mfuko wa rambo wa dukani anaukunja anauweka autumie tena. Akapanga ampeleke mapema akakae kwa shangazi yake Mkuyuni, hukohuko Mwanza. Kwa usafiri gani? Kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka lami, halafu basi. Mkokoteni wa nani? Wa baba yake Venant. Unaokokotwa na nani? Na maksai wangu!

Damu ilinipanda, nikasimama uani mbele ya majirani nikasema, "Dada yangu hatapakiwa kwenye mkokoteni kama gunia la pamba wakati mdogo wake ana Kifaru. Siku ikifika nampandisha nyuma, nusu saa tuko lami." Selina akacheka akasema, "Haya dereva wangu, nimekusikia, nakungoja wewe." Shemeji akaenda kuuahirisha mkokoteni.

Wiki moja baadaye nilikuwa mwaloni, na unajua haya magugumaji yalivyofunga ufukwe, yamesongamana mpaka kuku wanatembea juu yake. Venant akaniita Kisukuma, mwanaume kwa mwanaume, mbele ya wavuvi wote, "Ngosha! Hicho Kifaru chako kinaogopa majani?"

Nikamwambia, "Kinaogopa nini? Kimepita tope lililomeza lori."

"Basi pita hapo juu mpaka kwenye ule mtumbwi, urudi."

Na nilipita, Mama, nakuapia, hatua kumi nzima nilipita, wavuvi wakapiga mluzi, halafu ule ujani ukafunguka chini yangu kama mdomo. Kilizama mpaka kwenye kiti. Mimi nilibaki nimesimama juu ya kiti kama askari wa gwaride, maji vifundoni, na Venant amelala chini anacheka ameshika tumbo. Waliokuja kukivuta ni maksai wangu watatu. Yule mweusi aliponiona akanilamba mkono. Nilitamani angeniuma. Siku hiyohiyo watoto wakabadilisha jina, sasa wanakiita Kiboko.

Sasa pale, mbele ya kundi lile, ningefanyaje? Nikakiwasha. Kaka Nathaniel alisema nisiwashe, lakini Nathaniel hakuwepo na Venant alikuwepo. Kikakohoa, kikatoa moshi mweupe, kikawaka! Nikanyanyua ngumi juu nikaondoka nacho.

Lakini tangu siku hiyo hakiko sawa. Nikichungulia oili imekuwa kama chai ya maziwa. Asubuhi kinawaka kwa kubembelezwa, kikifika shuleni kinazima. Nimekifunika turubai, watu wakiuliza nasema kinapumzika. Anayejua ni mimi, na sasa wewe. Zimebaki wiki tano dada ajifungue. Selina ameshapanga nguo za mtoto kwenye kikapu, na juzi alikuja na uzi kupima kile kichanja cha nyuma maana anashona mto wa kukalia. Nilimwinulia turubai upande mmoja tu.

Swali langu ni fupi. Nitatoaje maji kwenye injini mimi mwenyewe, bila fundi? Mafundi wako Nyakato, Mwanza mjini, na kukipeleka huko maana yake kipakiwe kwenye mkokoteni kikatizwe kijiji kizima, Venant akikisindikiza kwa nyimbo. Sikubali. Na usiniambie habari ya dada kupanda mkokoteni, hiyo nimeshaikataa mbele ya watu na mimi sirudi nyuma. Jibu lingine lolote nalipokea kwa mikono miwili.

Jina langu usilitoe. La Kifaru unaweza kulitoa, limeshazoea kujulikana.

Ni mimi,
Mwenye Kifaru, Misungwi.

*

Mwenye Kifaru,

Marahaba. Jina lako nimelificha kama ulivyotaka. Sasa niambie, Misungwi yote kuna pikipiki ngapi za matairi manne zinazofuatwa na mbwa?

Sikufichi, nimecheka. Nilicheka kwenye taa za mchana, nikacheka kwenye mafuta ya sangara, nikamwita na mwenzangu wa meza ya pili asikie. Nikafika kwenye uzi wa Selina, nikaacha.

Muhuri wa posta kwenye bahasha yako ni wa siku kumi na tatu zilizopita. Wiki tano zako sasa ni tatu, na mtoto aliye tumboni hana kalenda. Kwa hiyo sikungoja ukurasa huu utoke. Jana asubuhi nilimkabidhi kondakta wa basi la njia yenu barua ya kumpelekea Sista Getruda, na ndani yake nimeandika kwamba Kifaru ni kigonjwa na kwamba Selina asikitegemee. Ndiyo, siri yako nimeitoa. Ninunie hata mwaka, nitavumilia.

Ulinikataza jibu moja, na jibu ni hilohilo. Selina aende kwa mkokoteni. Si wiki ijayo. Asubuhi ya kwanza isiyo na mvua.

Najua unachotaka kusema, kwamba ukikipata kizima nusu saa tu mko lami. Mwanangu, hata kingekuwa kipya kutoka kwenye boksi ningekukatalia. Ile picha uliyoibandua kwa sababu ya rangi ilikuwa inasema usipakie mtu. Kile kichanja ni cha sangara. Umewahi kukaa wewe pale nyuma, mtu mwingine akiendesha, kwenye makorongo ya El Nino? Sasa jipe na tumbo la miezi minane, lenye kovu la kisu. Dada yako amekubali kwa sababu anakupenda na kwa sababu hujamwambia kitu. Anashona mto wa kukalia uongo wako.

Na Pius unayemcheka kwa mfuko wake wa rambo, katika nyumba hiyo yeye peke yake ndiye aliyefikiria lami, basi na Mkuyuni, akavipanga kwa mstari. Wewe ulipiga kelele, yeye akakupisha. Kamwombe radhi, na yeye atangulie kumwarifu shangazi.

Haya, chuma chako. Mimi najua ndoa, sijui kabureta, ila nimemuuliza fundi mmoja wa Nyakato mwenye kucha nyeusi za kutosha. Alipofika pale ulipokiwasha alifumba macho. Anasema chai ya maziwa ni maji yaliyochanganyika na oili, na kila unapokibembeleza kiwake injini inajisaga yenyewe. Kwa hiyo usikiwashe tena, hata Venant akikuimbia. Mwaga oili yote. Mwaga na petroli ya kwenye tangi. Fungua plagi, ikaushe, sponji ya hewa ifue uianike. Usitie oili mpya ukadhani umemaliza, maana itageuka chai tena. Fundi ndiye atakayeifungua injini, aisafishe na kubadilisha oili mara mbili tatu mpaka ibaki na rangi yake. Magurudumu yasugue yatoke shombo, upake grisi. Ni ghali, ndiyo. Ulinunua kitu kilichotumika, na kitu kilichotumika hulelewa kama mgonjwa aliyetoka wodini, sivyo ulivyofanya wewe. Fundi anasema huenda kikapona. Hakuahidi, na mimi sikuahidi. Kitasubiri chini ya turubai lake mpaka Selina arudi na mtoto, ndipo nacho kipakiwe kwenye mkokoteni huohuo kwenda Nyakato, na Venant aimbe mpaka koo limkauke.

Unasema wewe hurudi nyuma. Vizuri. Mimi sipendi vijana wanaorudi nyuma. Lakini mpaka sasa ubishi wako umeutumia kwa Venant, na Venant hajabeba mimba ya mtu. Barabara yenu imekatika, tope linameza malori, na dada yako lazima afike lami. Hilo ndilo la kubishana nalo.

Na ninakuuliza, wale maksai nani aliwafundisha kazi? Yule mweusi alimlamba nani mkono, baba yake Venant? Ng'ombe kwenye tope baya humfuata anayemjua. Mpeleke mtu mwingine mbele yao, watasimama katikati ya korongo na dada yako juu. Kwa hiyo usijifunike turubai pamoja na Kifaru. Nenda kwa mzee uliyemwambia atazeeka mara mbili, umwamkie, umwombe mkokoteni na ng'ombe wake, na akitaka kukurudishia maneno yako yote ya mnadani, msikilize mpaka amalize. Tandika majani mengi. Ule mto uweke juu yake, hautabagua chombo. Kisha shika kamba wewe mwenyewe na utangulie kwa miguu, upite katikati ya kijiji, mbele ya shule, mbele ya wavuvi wote. Watoto wakikuita Kiboko, itika. Venant akikucheka, mwambie aje ashike gurudumu la nyuma kwenye korongo, na nadhani atakuja. Wanaocheka sana huwa na mikono yenye nguvu.

Jambo la mwisho, na hili silirudii. Usimpe Selina gazeti hili asome, wala usimwachie Sista Getruda amwambie kwa niaba yako. Nenda leo, ukae chini mbele yake, umwambie kwa mdomo wako, "Dada, kilizama, nikakiwasha, nikakuficha." Atakugombeza. Ana haki, ndiye aliyekulea.

Akimaliza, kafunge ng'ombe.

Mama Prudencia